Mechi Tano kwa Siku Sita

Chanzo kilikuwa ugomvi wa mapato ya mlangoni. Chuo cha Sewanee na chuo cha Vanderbilt, vyote vya jimbo la Tennessee huko Marekani, vilianza kukutana kwenye mpira wa Kimarekani mwaka 1891, na mechi yao ndiyo iliyokuwa ikivuta watu na fedha. Mwaka 1899 wakubwa wa pande mbili hawakuelewana namna ya kugawana fedha hizo, mechi ikafutwa. Vanderbilt kilikuwa chuo cha jiji la Nashville, hasara hiyo kingeweza kuibeba. Sewanee ilikuwa kijiji juu ya mlima, na bila mechi ile timu ingemaliza mwaka na madeni.

Meneja wa timu aliitwa Luke Lea, mwanafunzi wa miaka 20. Siku zile umeneja ulikuwa kazi ya mwanafunzi: kuandika barua na kupiga simu za maandishi, kutafuta wapinzani, kukata tiketi za treni, kubishana na wenyeji juu ya mgao. Lea aliitazama ramani ya reli ya Kusini mwa Marekani akaona njia ya kuziba pengo. Mechi moja kubwa ikikosekana, zitafutwe nyingi zinazofuatana katika safari moja, ili gharama ya safari igawanywe kwa mechi zote. Akapata nafasi Austin, Houston, New Orleans, Baton Rouge na Memphis. Alhamisi tarehe 9 Novemba timu ingeanza na Texas. Jumanne tarehe 14 ingemaliza na Mississippi. Katikati ingepumzika siku moja tu, Jumapili, kwa sababu chuo kilikuwa cha Kanisa la Episkopali.

Timu zilizomaliza msimu bila kufungwa ni nyingi katika historia ya mchezo huu. Baadhi zilikuwa na wachezaji bora kuliko wenzao, baadhi zilipangiwa wapinzani dhaifu, baadhi zilibahatika. Sewanee ya 1899 ilishinda mechi 12 kati ya 12, ikafunga pointi 322 na kufungwa 10. Hesabu hizo zinapendeza, lakini hazitoshi kuitenga na timu nyingine kubwa za zama zake. Kinachoitenga ni ile ratiba ya kijana anayetafuta fedha. Lea hakukusudia kuweka rekodi. Alikusudia kulipa madeni, na katika kufanya hivyo aliwawekea wenzake mtihani ambao hakuna kocha mwenye akili timamu angewawekea.

Sewanee ni jina la kijiji, na kwa mazoea watu wanakiita chuo kwa jina la kijiji; jina lake rasmi ni University of the South. Kiko juu ya uwanda wa Cumberland, karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya msitu wake chenyewe. Kilianzishwa mwaka 1857 na maaskofu wa majimbo ya Kusini. Mmoja wa waasisi wake wakuu, Leonidas Polk, baadaye alivaa sare ya jeshi la waliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na akauawa vitani mwaka 1864. Vita hivyo viliuacha mradi magofu, na masomo hayakuanza mpaka 1868. Kupanda mlimani kutoka mji wa Cowan kulikuwa na reli ya makaa ya mawe yenye mteremko mkali hivi kwamba wenyeji waliipa jina la mbuzi wa milimani. Kwa reli hiyo ndiyo timu ilishuka kwenda duniani.

Lazima nieleze mchezo wenyewe, kwa kuwa msomaji aliyeuona kwenye televisheni ya leo anaweza kudhani anaujua. Mwaka 1899 hakukuwa na pasi ya mbele. Hiyo ilihalalishwa 1906. Mpira ulibebwa au ulipigwa teke. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi tano, na ikishindwa ilinyang'anywa mpira. Fikiria maana yake. Timu yenye mpira haikuwa na haja ya kukimbia mbali. Ilihitaji kujenga rundo la miili na kulisukuma kwa nguvu mahali pamoja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kuanza upya. Aliyebeba mpira alivutwa na wenzake kwa mbele na kukandamizwa na wapinzani kwa pamoja. Wengi walicheza kichwa wazi. Kofia ya kinga haikuwa sharti. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 110, na kila kipindi kilihesabiwa dakika 35.

Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa adui, yaani tachidauni, kulileta pointi tano, na teke la nyongeza likaleta moja. Goli la teke uwanjani nalo lilikuwa pointi tano.

Na kanuni iliyo nzito kuliko zote kwa kisa chetu ni ya wachezaji wa akiba. Anayetoka harudi. Hakukuwa na kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda kama sasa; wale 11 walioanza walishambulia, wakalinda, wakapiga mateke, na ilitarajiwa wamalize hao hao. Kumpumzisha mtu kwa dakika tano hakukuwezekana. Mtu alicheza, au alitolewa na mechi ikawa imemwishia. Basi kocha aliyesafiri na wachezaji 21 kwa mechi tano alikuwa na akiba ndogo mno, na kila jeraha la Alhamisi lilikuwa deni la kulipwa Ijumaa.

Kocha huyo alikuwa Billy Suter, kijana aliyesoma Princeton, mojawapo ya vyuo vya Kaskazini-Mashariki vilivyoulea mchezo huu tangu utotoni mwake. Nahodha alikuwa Henry Seibels, mbeba mpira aliyezaliwa Montgomery, Alabama, ambaye wenzake walimwita Diddy. Nyuma ya safu alisimama Ormond Simkins, mpigaji mateke na msukumaji, mwana wa Texas. Walikwisha kuonja ushindi kabla ya safari. Tarehe 21 Oktoba waliifunga Georgia 12–0 mjini Atlanta. Jumatatu iliyofuata wakabaki mji huo huo wakaifunga Georgia Tech 32–0. Halafu Tennessee ilipanda mlimani ikafungwa 46–0, na chuo kidogo cha Southwestern Presbyterian kikafungwa 54–0. Timu iliyoondoka Sewanee mwezi Novemba ilijua kuwa ni nzuri. Ilichokuwa haijui ni jinsi miili yao itakavyokuwa siku ya sita.

Mambo mawili ya mwanzo wa safari yamesimuliwa mno huko Sewanee hata yamekuwa sehemu ya urithi. La kwanza ni viatu. Inasimuliwa kwamba viatu vya kuchezea viliachwa nyuma, treni ikaondoka, na Lea akalazimika kuhangaika na simu za maandishi mpaka vikatumwa na kuwafikia kabla ya mechi ya kwanza. La pili ni maji. Walibeba mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao ili wasiugue kwa kunywa ya njiani. Tahadhari ile ilikuwa ya busara kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 homa ya matumbo ilikuwa tishio la kweli katika miji ya Marekani, na mchezaji mmoja kuharisha Houston kungeweza kuvunja kila kitu ambacho miguu yao ingejenga Austin.

Austin, Alhamisi. Texas ilikuwa mbele ya watu wake na ilikuwa timu yenye nguvu. Sewanee ilishinda 12–0, tachidauni mbili na nyongeza zake. Seibels alipasuka kichwani. Masimulizi ya mechi ile yanasema alifungwa jeraha akaendelea kucheza. Kwa kanuni ya siku zile, naliamini jambo hilo bila shida, maana uamuzi wake ulikuwa kubaki uwanjani damu ikimtoka au kukaa nje mpaka mwisho.

Usiku huo huo walikuwa tena ndani ya behewa. Kutoka Austin hadi Houston ni kama kilomita 265, na kwa mwendo wa treni za wakati huo safari hiyo iliweza kula sehemu kubwa ya usiku. Walilala humo kwenye vitanda vya kukunja, miili imevilia damu, nguo za mchezo zikiwa bado na matope ya Austin. Watu huzungumza juu ya mechi tano kana kwamba mechi ndizo zilizokuwa kazi yote. Mimi naona kazi kubwa ilikuwa ndani ya behewa. Mchezaji aliyepigana saa nzima na zaidi huvimba baada ya kupoa: goti ambalo halikuuma saa kumi jioni linakataa kukunjika saa nane usiku. Dawa yake ni kupumzika na kuchuliwa, na hapo pumziko lilikuwa godoro linalotikisika juu ya vyuma. Asubuhi unaamka ugenini, unavaa viatu, unakutana na watu 11 ambao usiku uliopita wamelala kwenye vitanda vyao.

Ijumaa mjini Houston waliifunga Texas A&M 10–0. Hii ndiyo mechi ambayo walifunga pointi chache kuliko nyingine zote za safari, na mtu anayejua uchovu haoni ajabu. Siku ya pili ndiyo siku ambayo maumivu ya siku ya kwanza hufika kileleni, na walikuwa bado hawajazoea kucheza nayo.

Kisha mashariki, kilomita zipatazo 560, hadi New Orleans. Jumamosi walikutana na Tulane na kushinda 23–0. Hapa haki inanitaka niseme wazi kuwa Tulane ilikuwa dhaifu mwaka ule. Ilimaliza msimu bila kushinda mechi hata moja. Lakini timu tatu katika siku tatu, katika majimbo mawili, na hakuna hata moja iliyopata pointi? Udhaifu wa Tulane hauelezi Texas.

Jumapili hawakucheza. Nadhani siku hii inastahili sifa kuliko inavyopewa. Kama Lea angekuwa meneja wa chuo kisicho na kanisa nyuma yake, huenda angeijaza nayo. Saa hizo chache za ziada ndizo zilizoiwezesha timu kurudi Jumatatu, tarehe 13, na kuifunga Louisiana State 34–0 mjini Baton Rouge. Hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote za safari, na imekuja mara baada ya mapumziko. Sioni sababu ya kutafuta maelezo mengine.

Halafu ikabaki Memphis. Kutoka Baton Rouge ni karibu kilomita 600 kuelekea kaskazini, sambamba na mto Mississippi, na mechi ilikuwa kesho yake. Chuo Kikuu cha Mississippi ndicho kilichokuwa kikisubiri. Sewanee ilishinda 12–0. Jumla ya mechi tano: pointi 91 kwa sifuri. Safari nzima, toka mlimani hadi kurudi mlimani, ilikuwa ya maili 2,500 hivi, yaani kilomita zaidi ya 4,000.

Katika mchezo wa kusukumana, mshambuliaji anaweza kufunga kwa mbinu hata akiwa amechoka. Ulinzi haudanganyi. Kumzuia mtu asisogee yadi tano katika majaribio matatu kunataka watu 11 wote wainame kwa pamoja, kila mara, mamia ya mara kwa siku tano. Mmoja akichelewa kuinama kwa sababu bega linamuuma, shimo linafunguka. Sewanee haikufungua shimo la kutosha kufungwa hata mara moja. Ndiyo maana nazihesabu sifuri tano za safari ile kuwa na uzito kuliko pointi 91.

Walirudi nyumbani na baada ya siku sita tu, tarehe 20 Novemba, waliifunga Cumberland 71–0. Hapo mtu angeweza kudhani kwamba hatari imepita, kumbe mechi ngumu kuliko zote ilikuwa mbele yao. Auburn, iliyofundishwa na John Heisman, iliwangoja Montgomery tarehe 30 Novemba, Siku ya Shukrani. Heisman ndiye ambaye jina lake leo limo kwenye tuzo kubwa kuliko zote ya mchezaji wa chuo nchini Marekani. Timu yake ilicheza kwa kasi na mipango ambayo wenzake wa Kusini walikuwa hawajaizoea, na ilifanya kile ambacho timu nyingine 11 hazikufanya mwaka ule: ilipata pointi dhidi ya Sewanee, tena mara mbili. Tachidauni mbili kwa mbili. Auburn ikakosa mateke yote mawili ya nyongeza. Sewanee ikapata moja. 11–10. Heisman aliondoka na hasira, akawalalamikia waamuzi magazetini, na huenda alikuwa na hoja. Kisichobishaniwa ni kwamba msimu wote wa Sewanee, pamoja na Texas na Memphis na usiku zote zile za behewani, ulining'inia kwenye teke moja la pointi moja mbele ya watu wa mji wa nahodha wao. Siku mbili baadaye, mjini Atlanta, waliishinda North Carolina 5–0 na kufunga hesabu.

Naipenda timu hii, na kwa sababu naipenda sitaki kuisimulia kama kwamba ilicheza katika nchi nyingine. Wote 21 walikuwa weupe. Mwaka 1899 ulikuwa mwaka wa tatu tangu Mahakama Kuu ya Marekani ihalalishe ubaguzi katika kesi ya Plessy, kesi iliyoanzia kwenye behewa la treni la Louisiana, jimbo ambalo timu hii ililivuka kwa raha ya behewa la kulala. Vijana weusi wa Kusini walikuwa wakicheza mchezo huu huu: Biddle na Livingstone, vyuo viwili vya watu weusi vya North Carolina, vilikutana mwezi Desemba 1892. Kaskazini, William Henry Lewis, mwana wa watu waliokuwa watumwa, alikuwa ametajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi akiichezea Harvard mwaka huo huo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusiwa kujipima na Sewanee. Ilikuwa mwaka 1953 ndipo wadhamini wa chuo walipokubali kuwapokea wanafunzi weusi, tena katika shule ya thiolojia, baada ya walimu wengi wa shule hiyo kujiuzulu kwa kupinga ubaguzi. Ubingwa wa Kusini uliotwaliwa mwaka 1899 ulikuwa ubingwa wa nusu ya Kusini.

Miaka michache baadaye mchezo wenyewe ulibadilishwa. Rundo la miili lilikuwa likiua vijana, na mwaka 1905 vifo vilizidi hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo vikubwa Ikulu. Mwaka uliofuata pasi ya mbele ikaruhusiwa na yadi tano zikawa kumi. Leo vyuo hucheza mara moja kwa wiki, na hakuna chama ambacho kingekubali barua ya Lea.

Lea mwenyewe hakuishiwa na mipango. Alianzisha gazeti la Tennessean mwaka 1907, akawa seneta mwaka 1911, na katika Vita Kuu ya Kwanza akaenda Ufaransa akiwa kanali wa mizinga. Mwanzoni mwa Januari 1919 alichukua wenzake wachache na magari, akavuka mpaka wa Uholanzi hadi ngome ya Amerongen, kwa nia ya kumteka Kaiser Wilhelm wa Pili aliyekuwa amekimbilia huko. Huyu ndiye Kaiser ambaye kwa jina lake maelfu ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki walipelekwa vitani, na ambaye jeshi lake la huku lilikuwa limejisalimisha Abercorn wiki sita tu kabla ya hapo. Lea alifika hadi ndani ya jengo. Hakumpata mtu wake. Askari walipoizunguka ngome aliondoka, na mmoja wa wenzake akaondoka na kisahani cha majivu ya sigara. Jeshi lilimkaripia. Baadaye alifungwa North Carolina kwa kesi ya benki, akasamehewa mwaka 1937. Nikimfuatilia naona mtu yule yule wa 1899: anaitazama ramani, anaona njia, na gharama ya njia hiyo anaiacha ijulikane mbele ya safari.

Na Sewanee? Mwaka 1932 ilikuwa miongoni mwa vyuo 13 vilivyounda Southeastern Conference, ligi ambayo sasa ina nguvu na fedha nyingi kuliko karibu zote za mchezo huo. Vyuo vingi vilivyofungwa mwaka 1899 vilikuwa humo: Georgia, Tennessee, Tulane, Louisiana State, Mississippi, Auburn. Vilikuwa vimekua, vimejenga viwanja, vimeanza kuwalipia wachezaji masomo. Sewanee ilibaki na ukubwa wake wa mlimani. Ilicheza mechi 37 za ligi hiyo ikafungwa zote. Mkuu wa chuo, Alexander Guerry, hakuamini kwamba kazi ya chuo ni kununua wachezaji, na mwaka 1940 akakitoa katika ligi. Tangu hapo Sewanee inacheza na vyuo vya ukubwa wake, katika daraja lisilotoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira, na kijana anayevaa jezi yake leo anapewa nafasi darasani kama mwanafunzi mwingine yeyote.